Vioo vya Panzi Havitolewi

Mdogo wangu Haroub,

Barua za kwetu huanza kwa salamu. Mtu anauliza afya, anataja watoto na majirani na mvua, ndipo afike kwenye lake. Mimi leo moja kwa moja.

Bahasha hii siifungi. Nimemwambia Bwana Masoud, anayekuletea, aisome kabla ya kupanda meli, na akipenda awasomee na abiria wenzake mpaka Mombasa. Kwani wewe uliponivunjia heshima ulinivunjia faraghani? Ulisema mbele ya watu, ukumbini kwa mama, kahawa inazunguka. Basi na mimi nakujibu mbele ya watu.

Bwana Masoud huyo huyo, aliposhuka melini Jumatatu, alipita kwa Ami Khelef akampa maneno yako. Kwamba unakuja na mkeo kabla ya Ramadhani. Kwamba unataka gari ya marehemu baba ioshwe, itiwe mafuta, upate kumtembeza mkeo jioni mpaka Forodhani. Na kwamba vile vioo viwili vya kutazamia nyuma, vya juu ya madigadi ya magurudumu ya mbele, vitolewe, matundu yazibwe na kupakwa rangi, kwa sababu ati vinaiharibia gari sura.

Ebo! Haroub! Sura?

Tangu lini wewe ukajali sura ya Panzi? Gari kuukuu ya kabla ya vita, ya watu wawili, haina paa ila turubai la kukunja, kijani mwili mzima, na boneti ndefu inatangulia nusu saa kabla dereva hajafika. Watoto wa Vuga ndio waliompa jina hilo la Panzi, na baba akalipenda. Alimnunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na Panzi alikuja hana kioo hata kimoja cha pembeni. Nadhani walioiunda waliona mwenye gari ya mbio hana haja ya kujua nani yuko nyuma yake.

Hujali sura wewe. Unachotaka kitoke kwenye madigadi yale ni kitu kingine, nawe unakijua, nami nakijua, na sasa Ami naye anakijua. Lakini n'tafika huko. Kwanza nataka ukumbuke, kwa sababu naona Mombasa imekuosha kichwa.

Baba alipokufa mirathi iligawiwa, wewe mafungu mawili, mimi moja. Ndivyo sheria ilivyo na sina ugomvi nayo. Gari haikukatwa. Ulinishika mkono bandani, penye gari, macho yako bado mekundu kwa kilio, ukaniambia, "Da Zuwena, hii yetu sote. Mimi mtu wa kukugawia wewe gurudumu?" Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikakuamini. Nimekuogesha mimi, nimekufunza mimi kupiga mswaki, nimekubeba mgongoni mpaka chuoni kusoma Kurani siku ulizokuwa hutaki kwenda. Kwa nini nisikuamini?

Unakumbuka nilivyokuwa wakati ule. Ndoa imenishinda, nimerudi kwa mama, na mafunzo ya ukunga hospitalini nshayamaliza. Mkubwa wetu wa wakunga akatuambia wanatafuta mtu wa kuzunguka vijiji vya kusini, Paje, Jambiani, mpaka Makunduchi, na atakayeweza kujifikisha mwenyewe kazi ni yake. Basi la shamba lilikuwa linakwenda linapotaka, na uchungu wa kuzaa hausubiri basi. Niliitaka kazi ile, Haroub. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyoitaka kazi ile, hata mume sikumtaka hivyo.

Nikaja kwako. Baba hayupo, walii wangu ni wewe, mtoto wa juzi. Nikalimeza hilo, nikakuuliza, "Utanifunza gari?"

Ukasema, "Leo."

Hilo "leo" lako ndilo linaloniuma mpaka sasa. Ungesema hapana ningekununia, nikakutukana kidogo, yakaisha. Ulisema leo, ukachukua ufunguo, ukanifungulia mlango wa Panzi kama nnakwenda harusini.

Tukawa tunatoka alfajiri, tunakwenda mbali na mjini, barabara ya Jozani, ambako hakuna wa kututolea macho ila kima. Gia nilizijua upesi. Breki nilizijua upesi. Kilichonishinda ni buibui. Nilikuwa navaa la kamba, lile linalokaa kichwani na kitambaa chake kikatoka mbele huku na huku, na kwa kuwa mikono yote miwili iko kwenye usukani, nililibana kwa pini chini ya kidevu. Mbele naona vizuri. Pembeni giza tupu. Kila nikitaka kujua nani yuko nyuma ilikuwa lazima ugeuke wewe: "Lipo lori. Bado. Bado. Sasa linapita!" Na siku lile lori la nazi lilipotupita kwa kishindo, wewe umeinama unafunga kiatu, nilishituka nikatuingiza kichakani wote wawili. Kima wakapiga kelele mitini. Ukashuka, ukajitoa majani kichwani, ukasema, "Da, ama uvue buibui ama tutie vioo."

Tukatazamana. Kuvua hakukuwemo katika hesabu, si kwako si kwangu.

"Vioo," nikasema.

Basi twende dukani kwa Jivan, Darajani. Unamkumbuka Jivan alivyotutolea maboksi? Wewe ukavirukia vile vidogo vya mviringo, migongo yake imechongoka kama risasi, vinang'aa utadhani sahani za harusi. "Hivi, Da! Hivi ndivyo vya gari kama hii!" Nikakitazama kimoja, nikaona pua yangu na pini yangu, basi. Nikakwambia mimi sinunui kipuli. Jivan akacheka, akaweka kreti ya soda mlangoni, mgongo kwa njia, akanikalisha na buibui langu kama dereva, ukanipa mfuniko wa bati la biskuti niushike uwe usukani. Watu wakajaa. Wewe ukasimama mbele unanishikia kioo kimoja baada ya kimoja, nami natazama Darajani yote inapita nyuma yangu.

Kulikuwa na vioo bapa na vioo vilivyotuna. Cha kutuna kinaonesha upana, mpaka barza na waliokaa juu yake, lakini kinaongopa umbali. Nikaona gari la ng'ombe liko mbali huko, nikasema "Bado sana huyo," kumbe ng'ombe keshafika ananinusa mgongo. Wacha watu wacheke! Na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ndipo tukaamua: kulia, wanakotokea wenye kutaka kutupita, tuweke bapa, kiseme kweli ya umbali; kushoto, waliko watoto na mbuzi na magari ya ng'ombe, tuweke cha kutuna. Ulitaka kulipa, nikakataa. Nilitaka viwe vyangu. Jivan ni shahidi, na yupo hai.

Kuvifunga ndiko kulikotupa kazi. Wewe ulitaka vikae kwenye nguzo za kioo cha mbele, karibu na mkono. Nikakaa kitini, mto wa sufi chini yangu, buibui nimelibana. Sivioni. Ilibidi nigeuze kichwa, na ukigeuza kichwa ndani ya buibui la kamba, kichwa kinageuka, buibui linabaki linatazama mbele. Ukajaribu mwenyewe kulivaa uone, mrefu kama ulivyo, ndevu zimetokeza, mama akakuona kutoka dirishani akasema, "Mtume! Nani huyo?" Haroub, nikikumbuka siku ile nacheka. Halafu nakumbuka yaliyofuata, na kicheko kinanikauka mdomoni.

Vikaenda mbele, juu ya madigadi, ambako jicho langu linafika bila shingo kugeuka. Lakini wapi hasa? Mtu huwezi kutoboa gari ya baba kwa kubahatisha. Nikaingia jikoni nikaiba donge la unga mama alilokanda kwa chapati, ukabandika vioo kwa unga, nami kitini natoa amri. "Mbele kidogo. Rudi. Nje zaidi. Hapo! Usipumue!" Ukapiga alama ya chaki. Keekee tuliazima kwa fundi wa milango, jirani. Ukaishika ukasita. "Baba angetuona tunamtoboa Panzi wake," ukasema. Nikakwambia baba angeshika keekee mwenyewe. Ukasema bismillahi ukazungusha. Hewa ya bahari inakula bati, kwa hivyo tukayapaka matundu rangi ya kuzuia kutu, na chini ya kila kioo tukaweka kipande cha mpira wa baskeli kisisuguane na chuma. Kazi safi. Sikiliza nikwambie, kazi safi kama ile hajaifanya fundi yeyote wa mji huu, na tuliifanya sisi wawili, dada na ndugu yake.

Halafu tukaenda Paje, na barabara ile ya mawe ikatukung'uta hata meno. Tulipofika, kioo cha kulia kilikuwa kinatazama mbinguni na cha kushoto kinatazama tairi. Tukakaza nati. Safari ya pili yakawa yale yale. Shingo za vioo zilikuwa za kugeuka, na mtikisiko unazigeuza. Nani aliyetoa shauri la lehemu? Wewe. Ukapasha chuma kwenye seredani ya mkaa ya mama, ukanikalisha na mto wangu na buibui langu, ukakielekeza kila kioo kwenye jicho langu mpaka niliposema basi, ndipo ukadondoshea lehemu shingoni. Havikutikisika tena. Na ulipomaliza ukakaa wewe kitini kujaribu, magoti yakagonga usukani, ukatazama kulia, ukatazama kushoto, ukaangua kicheko. "Da, mimi naona chini tu, mawe ya barabara! Vioo hivi sasa havina mwenyewe ila wewe."

Maneno yako hayo. Ulikuwa unafurahi. Wallahi ulikuwa unafurahi kwa ajili yangu.

Tukaendelea. Ikafika siku nnaendesha kutoka Jozani mpaka Paje na wewe pembeni umelala, mdomo wazi, umekoroma mpaka tumefika. Mtu halali pembeni ya dereva asiyemwamini. Nikamwambia mkubwa wa wakunga kwamba bado kidogo, nnakwenda kufanya mtihani wa polisi. Akaniwekea nafasi.

Ndipo ikaja posa yako.

Sikulaumu kwa kutaka kuoa. Binti mwenyewe mzuri, wa watu, na nilifurahi kuliko wewe. Nilitengeneza halua mimi, kahawa nilipika mimi. Wakaja wajomba zake ukumbini kwa mama, na Ami Khelef, ndugu yake baba, amekaa mbele kama mkubwa wa nyumba. Mimi na mama nyuma ya pazia. Yule mjomba mkubwa akakohoa, akasema, "Bwana Haroub, tumesikia neno. Tumesikia dada yako anaonekana Paje anaendesha gari kama dereva wa lori. Ni kweli? Na kama ni kweli, ni kwa idhini yako?"

Neno moja tu, Haroub. "Ndiyo, kwa idhini yangu." Wangenuna, wangekunywa kahawa yao, Ami angepoza mambo kama anavyojua kupoza. Hukufa njaa. Hukuwekewa kisu. Uliulizwa tu.

Ukasema, "Mimi sina habari. Ufunguo huning'inia msumarini. Akiuchukua mimi siko, nitajuaje?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama aliniangalia, nikaona rangi imemtoka. Yule mjomba akauliza, "Na vile vioo vya ajabu vilivyofungwa?" Ukamjibu, "Vioo ni vyangu. Nimefunga mwenyewe, kwa ajili yangu."

Hapo nikasema. Najua mwanamke hasemi nyuma ya pazia wanaume wakiwa na wageni. Nikasema kwa sauti, "Haroub, ogopa Mungu! Mkalisheni kwenye kiti cha dereva muone anaona nini!" Lakini nani atanyanyuka aache kahawa yake, aende bandani kumkalisha bwana harusi kitini kama mtoto wa chuo? Ami akasema, "Zuwena! Nyamaza." Na wewe ukanyamaza pia. Ulisikia sauti yangu ninavyoomba, ukatazama kikombe chako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utotoni, sikujua kama lina jina lako.

Wageni walipoondoka Ami alinitaka ufunguo, akautia kwenye shada lake la funguo. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Ningekusamehe kuendesha. Uongo wa kumsingizia mdogo wako mbele ya wakwe, huo ndio ulionishinda." Mtu anayenipenda kama baba, akanitazama kama mtu asiyemjua. Na kazi ya Makunduchi akapewa mwengine. Nilimpeleka yule msichana mwenyewe kwa mkubwa wa wakunga, nikamsifu, maana yeye hana kosa. Nikarudi nyumbani nikafua nguo za watu wote, hata zilizo safi.

Ukaoa. Nilicheza kwenye harusi yako, usinambie sikucheza. Huku nnacheza nasikia shangazi wa mkeo ananong'ona, "Huyo ndiye mwizi wa ufunguo." Jina hilo limekaa nami miaka yote hii. Nikienda kumzalisha mtu Ng'ambo, bibi wa nyumba ananiuliza kwa kicheko, "Umekuja na gari, Bi Zuwena?" Nami nanawa mikono, nafanya kazi yangu.

Na siku unakwenda zako Mombasa, uliniinamia gatini ukanibusu mkono, ukasema, "Yataisha, Da." Yataisha! Yaishe yenyewe, kama mafua?

Haya. Sasa sikiliza ulichokifanya mwenyewe kwa mkono wako. Njia ya mwongo fupi, na wewe umejifupishia zaidi. Ungeyaacha yalivyo, Panzi akakaa bandani na turubai lake, watu wote wangekufa wakinijua mwongo na mwizi wa ufunguo. Lakini ulikuwa na haraka ya kuvitoa. Uliogopa nini? Kwamba mkeo atakaa pembeni yako, akuone unavyonyoosha shingo kama kasa kwa kuwa vioo "vyako" havikuoneshi kitu?

Ami alipopata maneno yako hakuita fundi. Alichukua spana yake na bisibisi akaenda bandani mwenyewe, akatandua turubai, akaanza na cha kulia. Nati zimeshika, na ile lehemu imegoma. Nilikuwa uani naanika nguo, namsikia anahema na kuguna. Sikwenda kumsaidia. Mbona nimsaidie mtu anayenitolea vioo vyangu? Nilianika huku nnalia kwa hasira.

Akachoka. Akafungua mlango wa gari akakaa kwenye kiti cha dereva apumzike. Haroub, wewe na Ami mna mwili mmoja, urefu ule ule, magoti yale yale. Na umesahau kwamba ujanani ameendesha lori la karafuu. Dereva akikaa kitini macho yake huenda kwenye vioo yenyewe, hayasubiri kuambiwa.

Kuguna kumekwisha. Nikachungulia. Ami ametazama kulia, akakunja uso. Akatazama kushoto. Akanyoosha mkono, akajaribu kukigeuza kioo, hakigeuki. Akaipapasa lehemu kwa kidole gumba. Halafu akaanza kuinama. Nakwambia mzee wa watu na kanzu yake na kofia yake anajikunja kitini, anashuka, anashuka, mpaka kidevu kimefika karibu na usukani, na hapo akakoma. Vile vile amejikunja, akatazama tena kioo cha kulia, kisha cha kushoto.

"Zuwena!"

"Naam, Ami."

"Vaa buibui lako uje."

Nikavaa, nikaja. Akatoka kitini, akaniambia nikae. Nikakaa, na mto wa sufi ulikuwepo bado, umefanya ukungu. Nikabana pini.

"Usigeuze kichwa. Unaona nini nyuma?"

"Naona mlango wa banda wote, Ami. Naona njia mpaka pale kwa muuza kahawa. Kushoto nnakuona wewe, na kuku wawili."

Alizunguka gari akasimama mbele yangu, spana mkononi, akanitazama usoni, akatazama vioo, akanitazama tena. "Mtu hufunga kioo kwa jicho lake," akasema. "Yule kijana angefungaje kitu asichokiona?" Kisha akasema, "Na mimi nilikwambia unyamaze." Akatoa shada la funguo, akautafuta ule mmoja, ukamshinda kutoa kwenye pete, akanipa shada zima.

Jana alikaa pembeni yangu. Mchana, Haroub, si alfajiri kama zamani. Tulipita Darajani mbele ya Jivan na dunia nzima, Ami na kofia yake mpya, anawaamkia watu kwa sauti makusudi ili watazame. Tulikwenda mpaka Makunduchi tukarudi. Wiki ijayo ananipeleka polisi kwa mtihani. Kuna waliobinua midomo barzani, na yule shangazi wa mkeo alikuwa dirishani. Ami akamwita kwa jina, akamsalimu.

Usidhani kwa hayo hasira yangu imekwisha. Imezidi. Kumbe kweli ilikuwa pale pale bandani chini ya turubai, hatua chache kutoka ukumbini, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na mtu huyo alikuwa wewe. Kazi yangu hakuna wa kunirejeshea, hata Ami. Miaka ile hakuna wa kunirejeshea. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba nakukumbuka. Ungekuwa ndugu mbaya tangu mwanzo ningekwisha kupumzika nawe. Lakini ni wewe uliyesema "leo." Ni wewe uliyelala mdomo wazi nnaendesha. Nikitaka kukuchukia vizuri, ananijia yule aliyevaa buibui langu na ndevu zake, basi nakosa hata raha ya kukuchukia.

Vioo havitoki. Ami amesema mwenye kuvigusa atamjua. Njoo na mkeo, nyumba ni yenu, sina neno naye na chumba nimekwisha kuwatayarishia. Ami ameshawaambia wajomba wa mkeo waje siku ya pili baada ya kufika kwenu, wale wale, ukumbini pale pale. Safari hii mimi sitakaa nyuma ya pazia. Kahawa watapika wengine. Ami hatakupigia kelele, unamjua. Atakuuliza swali lile lile uliloulizwa, kwa maneno yale yale, halafu atanyamaza akusikilize.

Usiniletee kanga, usiniletee udi. Njoo na ulimi wako.

Dada yako wa tumbo moja,
Zuwena